Diski ya Sita

Jani la msonobari lilikuwa limejibana chini ya wipa, jembamba kama sindano, bado la kijani. Inspekta Kobe alilitoa kwa kibanio, akalitia kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake, ndipo akanyoosha mgongo na kuutazama mtaa. Kulikuwa na ua wa michongoma, nguzo za umeme, na bomba la jirani linalovuja. Msonobari haukuwepo hata mmoja.

"Gari limeoshwa," alisema Sajenti, akipitisha kidole kwenye mlango. "Mpaka ndani ya rimu. Watu wako msibani, nani anakumbuka kuosha gari?"

"Aliyekuwa na sababu ya kukumbuka."

Waliompa jina la Kobe pale kituoni hawakumpa kwa heshima. Walikuwa wamechoka kumngoja. Mkuu wa kituo alikwisha kusema kwamba faili la mzee huyu ni la kufunga tu: mzee amepotewa na kumbukumbu, mtunzaji kaacha lango wazi, mzee katoka, mvua imemkuta porini, kafa. Mwenye uzembe yuko selo, mnataka nini tena? Lakini Kobe alikuwa ameomba ndara za marehemu, akazigeuza juu chini mezani kwake asubuhi nzima. Nyayo za ndara zilikuwa na tope la mahali pale pale alipokutwa tu, si la njiani. Shamba la misonobari alimokutwa liko nyuma ya kiwanda cha mbao, mwendo wa kumtoa jasho kijana mwenye miguu yake, na Mwalimu wa Bendi, kama watu walivyomwita tangu enzi zake za kufundisha watoto wa shule kupuliza tarumbeta, alikuwa hafiki hata chooni bila kushika ukuta.

"Ama aliruka," Kobe alikuwa amemwambia Mkuu wa kituo, "ama alipelekwa."

Sajenti alikuwa na mtu wake tayari. "Mimi kura yangu nampa mwanawe, Fundi Vioo. Wiki ile ile alikuwa akiweka madirisha kwenye ofisi ya kiwanda cha mbao. Njia anaijua. Tena ndiye aliyemzaba kofi Yaya mbele yetu hata hatujauliza swali la kwanza. Mwenye kelele nyingi ana lake."

"Au ana uchungu na hana pa kuutua."

"Haya, Afande. Wewe watetee tu."

Yaya ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita yule mtunzaji, ingawa aliyekuwa akimlea alikuwa mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Siku ya tukio alitoka kwenda kuchukua dawa za mzee. Yeye alisema alifunga lango. Binti wa mzee, aliyekuwa amelala kwa maumivu ya kichwa, alisema aliamka akalikuta wazi. Neno la binti lilikuwa na uzito, la Yaya halikuwa nao, na mambo yakaishia hapo.

Binti mwenyewe alitoka sasa mlango wa jikoni, ufunguo mkononi. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani, na macho yalikuwa yameingia ndani, siyo kwa kilio cha wiki moja. Yalikuwa macho ya mtu ambaye usingizi ulimhama zamani.

"Huu hapa, Afande."

"Gari lilitumika lini mara ya mwisho?"

"Jumapili kabla hajapotea. Nilimtembeza Baba. Akikaa ndani sana anaanza kupiga kuta. Ukimpandisha garini ukamwekea bendi yake, anatulia kama mtoto aliyeshiba."

"Bendi yake?"

"Nyimbo za magwaride, za wanafunzi wake. Nilimwekea kwenye redio. Akisikia muziki mwingine analia, kwa hiyo yeye akiwemo ni hizo tu."

"Na baada ya Jumapili?"

"Halijawashwa. Nani aliwashe? Kaka ana pikapu yake. Yaya hajui kuendesha."

"Nani kaliosha?"

Alisita kidogo. "Mimi. Wageni wa msiba wanakuja, gari lina vumbi. Niliona aibu."

Kobe alimshukuru, akamwomba akapumzike ndani. Alisubiri mlango wa jikoni ufungwe, kisha akaingia upande wa usukani. Kiti kilinuka sabuni. Redio ilikuwa ile iliyotoka na gari kiwandani, yenye kioo chembamba cha kuonyesha tarakimu tu. Waya ulitokea nyuma yake, ukaingia kwenye droo ya dashibodi, ukaishia kwenye adapta nyeusi iliyoshika kifaa cha kuhifadhia nyimbo, kidogo kama kiberiti. Kioo cha kifaa kilikuwa kimepasuka na kufa. Ukikitazama huoni chochote.

"Shemeji yangu alikuwa nayo hii," alisema Sajenti, akiinama dirishani. "Magari haya zamani yalikuwa na sanduku la diski sita kwenye buti. Watu wakaling'oa, wakafunga adapta. Inaidanganya redio, Afande. Redio inadhani bado ina diski zake. Kila folda ya nyimbo inajifanya diski. Jina la wimbo hulioni, mwimbaji humwoni, unaona namba ya diski na namba ya wimbo, basi. Kama hukuzipanga mwenyewe, unapapasa tu kama kipofu sokoni."

"Na ukizima?"

"Inakumbuka. Ukiwasha inaendelea palepale ilipoachia."

"Palepale?"

"Katikati ya neno."

Kobe aliurudisha ufunguo mapajani. "Basi toa simu. Piga video tangu sasa, kioo kionekane. Sema tarehe, sema tuko wapi, sema ufunguo umetoka kwa nani."

Sajenti alisema yote. Kobe akawasha gari na redio.

Kioo kikawaka kijani: diski 6. Kisha sauti ya mwanamke ikajaa ndani ya gari, katikati ya ubeti, bila ala yoyote. Haikuwa sauti ya studio. Nyuma yake maji yalikuwa yakimiminika na mfuniko wa sufuria ukigonga. Mwanamke aliimba kama watu wanavyoimba wakidhani wako peke yao, akakosea, akajicheka, halafu akapaza sauti kama anayemwita mtu wa chumba cha pili.

*"Mume wangu! Njoo basi, chakula kinapoa. Njoo."*

Kobe akazima. Sajenti alikuwa bado ameinua simu, lakini mkono ulikuwa umeshuka kidogo na video ilikuwa ikipiga usukani.

"Mlinzi wa kiwanda," alisema.

"Endelea."

"Kwenye maelezo yake. Alisema jioni ile, mvua inaanza, alisikia mwanamke akiimba kwenye misonobari. Anaimba, halafu anaita mtu. Tukamwambia mzee wangu punguza kinywaji."

"Binti amesema Jumapili walisikiliza bendi, na baada ya hapo gari halikuwashwa. Kama ni kweli, redio ingeamkia kwenye bendi." Kobe aliwasha tena, akaanza kubonyeza polepole, diski baada ya diski, Sajenti akirekodi. Ya kwanza ilikuwa magwaride, tarumbeta za watoto zenye makosa mengi na moyo mwingi. Ya pili mahubiri. Ya tatu dansi za zamani. Ya nne hadithi za watoto. Ya tano nyimbo za mapenzi. Akabonyeza tena ikaja ya sita, na safari hii yule mwanamke akaanzia mwanzo. Akabonyeza tena, redio ikarudi kwenye ya kwanza. Akaiacha hapo.

Pikapu iliingia uani kwa breki kali, vipande vya vioo vikilia nyuma. Fundi Vioo alishuka akiwa na plasta kwenye vidole na hasira usoni.

"Mnatafuta nini kwenye gari la Baba? Aliyemuua mnaye! Mnamlisha bure!"

"Tunataka kufunga faili vizuri, Fundi," alisema Kobe. "Siku ile ulikuwa kiwanda cha mbao?"

"Nilikuwa. Si siri. Nilimaliza mchana nikaondoka, muulizeni meneja, alinisindikiza hadi getini." Alimtazama Sajenti, akaelewa. "Ahaa. Ndiyo mnanitazama hivyo? Mimi nimuue baba yangu?"

"Kaa hapa kwanza. Nionyeshe kilichomo kwenye redio hii."

"Redio?"

"Nisaidie tu."

Fundi Vioo aliketi akinung'unika. Alibonyeza kitufe, wimbo ukabadilika. Akabonyeza kingine, sauti ikapanda mpaka wakaziba masikio. Mikono iliyozoea kukata kioo bila kukipasua ilikuwa ikihangaika pale kama ya mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. "Hii mitambo ya Kitinda mimi siijui. Kila kitu namba, namba." Akapata kitufe cha kurudi nyuma bila kukusudia. Kutoka kwenye ya kwanza redio ikarukia ya sita.

Mwanamke akaimba.

Fundi Vioo aliuondoa mkono kama aliyeungua. "Hii si ilifutwa!"

"Nani huyo?"

"Mama. Mama yetu. Alipofariki, Kitinda alikuwa na sauti zake kwenye simu, akazihamishia humu." Aliizima redio kwa kiganja kizima. "Siku moja tuko njiani sote, mzee kakaa mbele, Kitinda akaibonyeza kwa bahati mbaya. Mzee akafungua mlango gari likitembea! Anasema mama yenu tumemwacha, mama yenu yuko kule, ananiita. Nilimdaka kola kutoka kiti cha nyuma. Shati lilinichanikia mkononi. Nikamwambia Kitinda, futa hiyo kitu, siku moja itamtoa roho. Akaniambia, Kaka, nimeshafuta."

Alipomaliza kusema alibaki kinywa wazi. Kobe aliona neno likimrudia mwenyewe na kumwingia.

"Hamia kiti cha nyuma," Kobe alimwambia kwa upole. "Sajenti atakaa na wewe. Ukisema neno moja nitakushusha."

Kisha akairudisha redio kwenye diski ya kwanza, akahamia kiti cha abiria, akamwita binti.

Kitinda alipomwona kaka yake nyuma alisimama, halafu akaingia. Aliurekebisha usukani bila kufikiri, kama mtu anayevaa kiatu chake.

"Nitembezee redio hii," alisema Kobe. "Nataka nijue nini kiko wapi."

Hakuhitaji hata kutazama kioo. "Hii bendi ya Baba. Hii mahubiri. Hii dansi, alikuwa akipenda kabla hajaugua. Nne ni hadithi, za watoto wa Kaka wakija likizo. Tano zangu mimi." Kidole kikanyanyuka. Kikahamia kitufe cha nyuma, kikabonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza. Tarumbeta za watoto zikaanza upya. "Basi, Afande. Ni hizo."

"Kutoka ya tano kurudi ya kwanza, njia fupi ni ipi?"

Kitinda aliurudisha mkono mapajani.

"Mbele ni kubonyeza mara mbili. Wewe umerudi kinyumenyume mara nne. Kaka yako alipapasa humu kama mgeni, akaikanyaga ya sita asijue. Wewe uliyezipanga umeizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo analolijua lilipo."

"Ya sita haina kitu."

"Ibonyeze, tusikie hakuna kitu."

Mkono wake ulibaki mapajani. Tarumbeta zilipiga, mtoto mmoja akikosea palepale anapokosea siku zote.

"Niliifuta," alisema. "Kaka aliponiambia, niliifuta."

"Basi bonyeza."

"Sitaki kumsikia."

"Kumsikia nani?"

Kobe alizima redio. Akaegemea kiti. Nyuma, Fundi Vioo alikuwa akipumua kama aliyepanda ngazi nyingi.

"Hakutaka kushuka," Kitinda alisema mwishowe, akiuambia usukani. "Nilimbembeleza. Nilimvuta mkono. Akaushika mkanda kwa mikono yote miwili. Mvua ikaanza. Nikasema basi, turudi. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshageuza gari. Halafu akaniuliza, wewe binti, wewe ni wa nani? Siku nzima alikuwa akiniuliza. Usiku kucha alikuwa ameniuliza. Ndiyo nikaibonyeza. Nikamwambia, unamsikia? Yule pale kwenye miti, anakuita."

"Akashuka."

"Mwenyewe. Alitengeneza kola kwanza."

Sajenti aligeuza uso dirishani.

"Halafu?"

"Nikazima redio nikaondoka. Nilidhani watu wa kiwanda watamwona wakitoka kazini. Watampeleka hospitali, atawekwa na wale wasio na ndugu. Kule wanaogeshwa. Kuna watu wanapeana zamu. Sikutaka afe, Afande. Nilitaka asiwe wangu."

"Muuaji wewe!" Fundi Vioo alipasuka, na Kobe hakumshusha. "Baba yako mzazi! Umemtupa kama paka!"

Kitinda alikiinua kioo cha kutazamia nyuma mpaka akamwona kaka yake ndani yake. "Mara ya mwisho ulimwogesha lini?"

"Usinigeuzie mimi—"

"Lini? Ulikuwa unakuja Jumapili, unakaa nusu kiti, unaniambia pole mdogo wangu, Mungu atakulipa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, Kaka. Nilikuwa nampandisha kitandani, ananitemea mate. Namlisha, ananiita mwizi."

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia. Ukaniletea Yaya."

"Na huyo Yaya," Sajenti alisema, sauti yake ikiwa kavu, "mbona ulimwacha selo? Lango ulilikuta wazi?"

Kitinda alitikisa kichwa.

"Nani alilifungua?"

"Mimi. Nilipotoka na gari. Niliporudi niliacha hivyo hivyo." Kwa mara ya kwanza alilia, kidogo, bila kutoa sauti. "Nilidhani watamwachia tu."

Kobe alimsomea haki zake hapo hapo, mbele ya redio iliyozimwa. Alichomoa kile kifaa pamoja na adapta na waya wake, akavifunga, akamwomba Fundi Vioo atie sahihi kama shahidi. Fundi alitia. Plasta ya kidoleni ilifunguka ikabaki kwenye karatasi.

Mkuu wa kituo hakufurahi. Faili lililokuwa karibu kufungwa lilikuwa limenenepa, na mshtakiwa mpya alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ungemwonea huruma. Alisaini hati ya kumwachia Yaya bila kumtazama Kobe, akasema, "Ungemwacha tu mzee wa watu alale salama," kisha akaenda kunywa chai.

Yaya aliletwa kaunta. Shavu lilikuwa bado limevimba upande mmoja. Alirudishiwa mkanda wake, kitana, na mfuko wa nailoni wenye zile dawa za mzee ambazo siku ile alipanga foleni kuzichukua. Alizitazama, akazisukuma kando kwenye kaunta, akaziacha pale.

Kobe alimweleza yote kwa maneno machache. Alingoja atukane. Wengi hutukana.

"Dada?" Yaya aliuliza tu. "Dada mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Fundi Vioo alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuandika maelezo. Alisogea hatua moja. "Yaya, nisamehe. Mkono ule... nilikuwa na uchungu."

Yaya alimgeukia. "Mkono wako, Kaka, nimeujua siku hiyo ya kofi. Kwenye kumgeuza mzee kitandani sikuwahi kuuona."

Fundi Vioo alitoka nje. Walimsikia akijikohoza karibu na pikapu yake, muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji.

"Uliishi nao nyumba moja," alisema Kobe. "Hukuona dalili yoyote?"

Yaya alijifunga mkanda wake, akatafuta tundu la kubana zaidi kuliko alilokuwa akitumia siku alipoingia.

"Niliona amechoka, Afande. Sote tulichoka. Lakini mimi mwisho wa mwezi nilikuwa naenda kwetu. Yeye alikuwa kwao."

Akauliza stendi iko upande gani, Sajenti akamwonyesha.